Umri wa Kazini

Bunda,
10 Februari 2025

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata shangazi Pelagia, na nikiendelea kukaa nalo peke yangu naona nitaugua. Leo nimesema uongo ofisini, na uongo wenyewe ni kwa ajili yako.

Ni hivi. Mama Stellah, mhasibu mkuu, yule aliyenipa hii kazi ya muda wakati nasubiri kupangiwa kidato cha tano, alinikabidhi faili la wastaafu wa kiwanda. Nichape majina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kustaafu na jina la mke. Mko hamsini na wanne. Nilichapa siku mbili. Leo asubuhi aliifungua orodha kwenye kompyuta, akavua miwani, akaniita mbele ya watu wote.

"Nyangi, umenakili vibaya. Watu thelathini na wanane wamezaliwa tarehe 29 Juni 1954?"

Nikampelekea faili. Akakagua karatasi moja moja. Nilikuwa nimenakili sawasawa.

"Sasa inakuwaje? Akina mama wa Bunda na Butiama walikaa kikao wajifungue siku moja?"

Watu wakacheka. Dorah wa mapokezi, ambaye ananiita Bubu kwa sababu siongei, akasema, "Si umuulize Bubu, babu yake yumo humo humo!" Mama Stellah akanitazama. Nikasema sijui.

Ninajua, Babu. Tangu nikiwa mdogo unatuchekesha kwamba mtu wa kiwanda ana umri wa nyumbani na umri wa kazini. Ulitueleza kwamba mwaka 1984 kiwanda kilikataa mtu aliyezidi miaka thelathini, ndipo katekista Paschal akawaandikia vyeti vya ubatizo, na wote akawazalisha siku ya Petro na Paulo, 29 Juni. Nilikuwa nacheka. Leo sikucheka.

Kilichoniuma zaidi ni kumdanganya yeye. Babu, sijawahi kuona mtu kama Mama Stellah. Kompyuta inajumlisha, yeye anarudia kwa penseli pembeni, kisha anaiambia kompyuta, "Haya, safari hii umesema kweli." Meneja akipandisha sauti, yeye anashusha yake, mpaka meneja analazimika kunyamaza ili amsikie. Mimi nikiogopa natetemeka mikono. Yeye nadhani akiogopa anachonga penseli.

Nifanye nini? Naandika kwa sababu simu huisikii, na ujumbe nikituma Bibi anakusomea kwa sauti ya kanisani mpaka jirani anajibu. Barua italetwa na Florian wa gari la maziwa. Mpe jibu akipita.

Mjukuu wako,
Nyangi


Buswahili,
14/2/2025

Mama yangu Nyangi,

Marahaba. Unajua nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na mama yangu hakuwaga anasema uongo. Basi huo wa ofisini usiuhesabu kuwa wako. Ni wangu, wa tangu 1984, wewe umeubeba tu kidogo.

Nyamaza hivyo hivyo.

Nikuambie vizuri maana nilikuwaga nawaambia kwa utani. Nilizaliwa masika ya 1946. Mwaka ule naenda kiwandani nilikuwa na miaka thelathini na nane, watoto wanne, na shamba la pamba lililoliwa na wadudu. Nilinyoa ndevu, nikaazima shati la mdogo wangu. Karani wa getini akaniuliza, "Umezaliwa lini?" Nikakisoma kile cheti kama mtu anayesoma habari za mtu mwingine. Katekista Paschal, Mungu amrehemu, alikuwaga na roho nzuri na mwandiko mbaya. Hakutuomba hata kuku.

Nikastaafu 2014. Wao waliandika sitini. Mgongo wangu ulijua ni sitini na nane. Msimamizi alikuwaga ananipigia kelele, "Baltazari, kijana kama wewe unashindwa na robota la pamba?" Nikalisukuma. Ningesema nini?

Sasa sikiliza. Bibi yako anakwenda kliniki Musoma kila mwezi, sindano za sukari na dawa za presha, na kampuni ndiyo inalipa. Tulipewa ahadi wakati kiwanda kikiwa cha ushirika, na kampuni ilipokinunua ikaichukua na ahadi: mstaafu na mke wake watatibiwa mpaka kufa, na Krismasi debe la mafuta ya pamba. Wakijua niliingia kwa cheti cha uongo watasema sistahili hata panadol. Sindano zile nimeuliza bei yake dukani. Nikauza mbuzi wote hatufiki Pasaka ya mwakani.

Halafu akili yangu inaniambia hivi: kadiri ninavyokuwa kijana kwenye karatasi, ndivyo watakavyonitunza siku nyingi. Acha niwe na miaka sabini. Nimeizoea.

Bibi yako anakusalimia, anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula.

Babu yako,
Baltazari Ngolo


Bunda,
21 Februari 2025

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili chooni. Ningenyamaza kama ulivyosema, lakini nimejifunza jambo wiki hii na lazima ulijue, hata ukinikasirikia.

Nilimwandikia Mama Stellah swali kwenye kikaratasi, maana mdomo ulikataa. Niliuliza: kwa nini kampuni inataka tarehe zenu za kuzaliwa wakati mmeshastaafu? Hakunicheka. Alivuta kiti chake mpaka kwenye meza yangu.

"Mwanaume akiahidi ng'ombe kumi za mahari," akasema, "ametoa tatu. Jioni amesimama kwenye zizi anahesabu zote zilizobaki kuwa zake. Anamdanganya nani?"

Nikajibu polepole, "Anajidanganya mwenyewe. Na anawadanganya wakwe."

"Na mtu wa benki akija kumkopesha kwa kuangalia zizi lile?"

"Na benki."

"Basi wewe ni mhasibu," akasema. Babu, sikulala vizuri kwa furaha.

Maana yake ni hii. Mpaka mwaka jana kampuni ilikuwa inaandika bili za hospitali zilizolipwa mwaka ule tu, kama milioni sabini, basi. Wakaguzi wapya kutoka Mwanza wamesema hapana. Mliahidiwa matibabu mpaka mwisho wa maisha, kwa hiyo ng'ombe wale wamo zizini lakini si wa kampuni tena. Ahadi yote iandikwe leo, ya miaka yote iliyobaki. Kuna mtaalamu Dar es Salaam ambaye kazi yake ni kukadiria kila mtu amebakiza miaka mingapi, na anatazama tarehe ya kuzaliwa. Kwa orodha niliyochapa mimi amepata shilingi milioni mia nane na sabini.

Hilo fungu kubwa linapunguza mtaji wa wenye kampuni. Lakini haliishii hapo. Kila mwaka ukipita, ahadi inasogea karibu na kulipwa, inazidi uzito, na uzito ulioongezeka unaandikwa kuwa gharama ya mwaka. Huo ndio unaokula faida. Mwaka huu ni milioni mia moja na nne. Kiwanda, kabla hakijagusa habari za wastaafu, kimepata milioni tisini na sita. Toa mwenyewe. Ni hasara ya milioni nane. Na benki imesema haitoi mkopo wa kununua pamba msimu huu kwa kampuni yenye hasara kwenye vitabu.

Jumatano kulikuwa na kikao na mimi niliitwa niandike muhtasari. Najua si vizuri kukusimulia ya kikao. Nakusimulia. Meneja Wenceslaus alisema, "Basi tuifute hiyo ahadi. Mwaka wa hesabu unafungwa tarehe 31 Machi, tuna muda."

Mama Stellah akachonga penseli kwanza. Kisha akasema, "Tukiifuta, vitabu vitaonyesha milioni mia nane na sabini zimerudi kama faida. Itakuwa faida kubwa kuliko zote tangu kiwanda kijengwe, na hatutakuwa tumeuza hata robota moja."

"Ni kosa?"

"Kanuni za hesabu zinaruhusu, tukisema wazi. Ila meneja, mtu akiniuliza faida hii imetoka wapi, nitamjibu imetoka kwa wagonjwa."

Meneja akasema yeye si mtu mbaya, lakini pamba isiponunuliwa mwezi wa tano hakuna kiwanda, na bila kiwanda hakuna wa kumlipia mgonjwa. Mama Stellah akakubali kwamba hilo nalo ni kweli. Hapo ndipo niliogopa, Babu, kwa sababu wote wawili walikuwa wanasema kweli. Bodi inakaa tarehe 28 Machi kuamua.

Sasa hili ndilo nataka ulione. Umesema ukiwa kijana kwenye karatasi watakutunza siku nyingi. Ni kinyume. Kwa miaka sabini, mtaalamu anakuhesabia miaka kumi na miwili mbele. Kwa umri wako wa nyumbani angekuhesabia kama saba. Mko thelathini na wanane. Umri wenu wa kazini umeifanya ahadi ionekane nzito kuliko ilivyo, na huo uzito ndio unaowafanya watake kuitupa.

Sijasema kwa mtu. Umri ni wako, siwezi kuusema mimi. Lakini nikimwona Mama Stellah anarudia zile hesabu kwa penseli, anatafuta pa kupunguza, na mimi najua pa kupunguza na nimekaa meta mbili kutoka kwake, najiona mwizi.

Nyangi


Bunda,
4 Machi 2025

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Florian amepita mara tatu mikono mitupu. Anasema amekukosa nyumbani mara zote tatu, na Bibi alimwambia tu, "Katoka." Wewe hutokagi, Babu. Umekasirika?

Kama ni yale maneno ya miaka saba, nisamehe. Niliyaandika kama hesabu. Baada ya barua kuondoka ndipo nikayasoma kichwani kama mjukuu.

Jana Mama Stellah aliniuliza mbona siku hizi namkwepa. Nikamwambia nina mafua.

Nyangi


Buswahili,
7/3/2025

Mama yangu,

Sikukasirika. Nilikuwa Musoma, Kitaji, kwa Enos, yule tuliyekuwa naye mashine namba nne. Kabla ya hapo nilikuwa Bunda kwa Makongoro, nikapita nje ya geti lenu kabisa, nikaona dirisha nikasema mama yangu yumo humo. Sikuingia. Nilikuwa sijamaliza.

Nimekwenda kwa watu kumi na tisa kwa pikipiki, mgongo umelia. Nisingeweza kusema umri wangu nikawaacha wenzangu, maana nikisema wangu nimesema wa wote. Wengine walinifukuza. Makongoro aliniambia, "Baltazari, ulichukua miaka arobaini kuzeeka, leo ndiyo unataka tuzeeke wote kwa siku moja?" Mke wake akachungulia kutoka jikoni akamjibu, "Wewe ulizeeka zamani, ni cheti tu hakijapata habari." Tukacheka mpaka akakubali.

Nilikuwa nawaeleza zile ng'ombe za Mama Stellah. Kila mmoja alielewa hapo hapo. Lile la uzito unaoongezeka niliwaambia, ukichelewesha mahari si ndama nao wanadaiwa? Wakasema kumbe wahasibu ni watu wa huku huku.

Humu ndani nimeweka barua ya Mama Stellah. Mpe mkononi, usiweke mezani. Nimeandika hivi ili ujue:

"Mama Mhasibu, mimi Baltazari Ngolo nilizaliwa mwaka 1946 siyo 1954. Cheti nilichowapa si cha kweli. Nilikitumia kupata kazi na kazi niliifanya. Nimesikia hesabu zenu zinateseka kwa sababu ya miaka yangu. Sikutumwa na mtu. Kama kosa hili lina adhabu naomba iwe yangu, asiguswe mke wangu Dafroza ambaye anaumwa sukari, yeye cheti chake ni cha kweli."

Bibi yako nimemsomea. Akasema nimekosea, angetaka niandike kwamba yeye ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na miwili, watu wajue.

Usiogope mama. Mimi naogopa, inatosha mmoja.

Baltazari Ngolo


Bunda,
11 Machi 2025

Mzee Baltazari Ngolo,
Buswahili.

Shikamoo Mzee.

Barua yako nimeipokea kutoka kwa Nyangi. Alinipa kwa mikono miwili, kisha akaniambia yote: kwamba alijua tangu siku ya kwanza, kwamba alinidanganya, na kwamba alikusimulia ya kikao. Alizungumza dakika kumi bila kupumua. Sijawahi kumsikia akisema zaidi ya maneno manne. Nilipaswa kumkaripia kwa ajili ya kikao na nimemkaripia. Hayo yamekwisha.

Ninakushukuru kwa kuandika. Sasa naomba nikwambie kweli kama ulivyoniambia. Sijui bodi itasema nini kuhusu vyeti. Wapo watakaotaka kuvitumia kuwanyima kila kitu, na siwezi kukuahidi kwamba hawatafaulu. Ninachoweza ni kuweka hesabu sahihi mbele yao, nikae pale pale mpaka wazisome.

Lakini barua haitoshi. Mtaalamu wa Dar es Salaam hatabadilisha umri wa mtu kwa sababu mtu amesema. Anataka ushahidi. Umri wa watu thelathini na wanane tutauthibitishaje kabla ya tarehe 28? Parokia imenijibu kwamba kitabu kikubwa cha ubatizo kipo, ila kwa wengi wenu kimeandikwa mwaka wa kubatizwa tu, na mlibatizwa wakubwa. Kama una njia, niambie.

Kama ungependa kurudisha barua yako nyuma kabla sijaipeleka mbele, nitakurudishia na sitaulizia tena. Nitaisubiri kauli yako mpaka Ijumaa.

Wako katika kazi,
Stellah


Buswahili,
20/3/2025

Mama yangu Nyangi,

Marahaba kabla hujaniamkia. Nimefika salama juzi, mgongo uko vibaya, roho iko vizuri.

Naandika kwa sababu pale kiwandani palikuwa na watu wengi na wewe ulikuwa na kazi, sikukwambia kitu. Na wewe hukuona ulichokifanya, maana ulikuwa unatazama karatasi. Acha nikusimulie mimi niliyekuwa natazama.

Mama Stellah aliponiandikia kuhusu ushahidi nilicheka peke yangu. Watu wa ofisini wanatafuta karatasi wakati mtu mwenyewe yupo. Sisi wa huku mwanaume hajui tarehe yake, lakini anajua aliingia jandoni na nani, kabla ya nani, na mwaka ule kulikuwa na nini. Rika halina cheti cha uongo, kwa sababu wenzako wapo na wanakuona. Huwezi kumwambia mtu uliyekesha naye umevaa ngozi kwamba wewe ni mdogo wake.

Basi nikamjibu hivyo, tukaja, hata walionifukuza, thelathini na mmoja kwa miguu yetu na wawili wakishikiliwa. Watano wagonjwa wakatuma watoto wao waseme rika la baba. Kwenye banda la mizani, pale tulipokuwaga tunapima pamba. Meneja Wenceslaus akasimama juu ya mzani wenyewe kama robota. Nilimsomea mdomo: "Hawa watu wametudanganya miaka arobaini!" Nikamjibu kwa nguvu kwa sababu mimi nikiongea taratibu sijisikii. Nilimwambia, "Meneja, tulidanganya umri, hatukudanganya kazi. Na kwa uongo ule tumewasukumia marobota mpaka miaka sitini na nane. Wewe utastaafu na ngapi?" Enos akacheka mpaka akakohoa.

Halafu Mama Stellah akakupa karatasi usome majina.

Niliona mikono yako. Nikasema moyoni, hataweza, atampa Dorah. Ukafungua mdomo. Mama, mimi sikusikia kitu, unajua masikio yangu yalibaki kwenye zile mashine. Lakini niliona watu walivyogeuka. Makongoro alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango na yeye aligeuka. Nikajua sauti imefika mpaka mlangoni.

Kila uliyemwita akaenda kusimama kwa rika lake. Hakuna aliyepotea. Wakasukumana kidogo, "Wewe toka hapa, wewe ulitahiriwa mwaka wa mafuriko, nenda kule." Robo saa, mistari mitano imenyooka. Yule mkaguzi kijana wa Mwanza akapiga picha. Mama Stellah akapita na penseli yake mstari kwa mstari, akauliza kila rika swali lile lile, mwaka ule kulitokea nini, na kila rika likajibu kwa mdomo mmoja, naye akalinganisha na kitabu cha parokia, nani alibatizwa mwaka gani akiwa mtu mzima. Sijapata kuona mtu anasikiliza hivyo. Baadaye alinishika mkono, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi: "1946. Imekubali."

Miaka arobaini nilibeba tarehe ya mtu ambaye hakuzaliwa. Nilipotoka pale nilijisikia mzee, na nikaona uzee si kitu kibaya.

Niambie bodi itakachosema. Kama ni kibaya kiandike hivyo hivyo. Bibi yako sindano zake zinaisha tarehe tano.

Babu yako,
Baltazari


Bunda,
3 Aprili 2025

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Bibi aende kliniki. Nimeanza na hilo ili usisome barua yote ukiwa umebana pumzi. Kadi yake ni ile ile, hospitali ni ile ile, na shangazi Pelagia atampokea Kamunyonge, hapo Musoma, alale kwake kama kawaida.

Bodi ilikaa tarehe 28 kuanzia saa tatu mpaka saa kumi. Mtaalamu alishatuma hesabu mpya. Ahadi yenu imeshuka kutoka milioni mia nane na sabini hadi mia sita na arobaini. Uzito wa mwaka umetoka mia moja na nne hadi sabini na saba. Kwa hiyo ile tisini na sita ya kiwanda ikabakiza milioni kumi na tisa. Ni faida ndogo, Babu. Mwaka jana walisema ishirini na sita. Lakini ni faida, na Mama Stellah anasema ni ya kwanza ambayo akiulizwa imetoka wapi anaweza kujibu bila kuangalia pembeni. Benki imekubali. Pamba itanunuliwa.

Kuhusu vyeti, mjumbe mmoja alitaka mfutwe wote. Mama Stellah hakubishana naye. Alimsomea barua yako, yote, mpaka pale "yeye cheti chake ni cha kweli". Kisha akakaa. Yule mjumbe akauliza kama kuna chai. Meneja Wenceslaus ndiye aliyesema, "Wameniongezea umri wao ili nipate mkopo. Mimi nitawafukuza vipi?" Mmepewa adhabu ya debe la mafuta. Krismasi hakuna debe tena, daima. Mwambie Makongoro kwa upole.

Mama Stellah ameniambia nikienda kidato cha tano nichague uchumi na hesabu, halafu likizo nirudi kwake. Dorah ameacha kuniita Bubu. Sasa ananiita Spika.

Baba, Mama, watu wote hapa wamefurahi, na mimi nimecheka nao. Lakini wewe nakwambia kilichotokea siku hesabu mpya ilipoingia, kabla bodi haijakaa.

Ilikuja kwenye kompyuta yangu. Nilikuwa peke yangu. Nikatafuta jumla chini kabisa, nikaona mia sita na arobaini, nikasimama nikapiga makofi. Kweli, Babu, mimi nikapiga makofi ofisini. Halafu nikapanda juu kuangalia imepungua wapi, nikafika mstari wako. Ngolo Baltazari, 1946, miaka inayokadiriwa kubaki: saba nukta mbili. Mwezi uliopita mstari huo ulisema kumi na mbili. Nikakaa. Nilikuwa nimeipigia makofi miaka yako mitano.

Nilikwenda kwa Mama Stellah, nikamwonyesha mstari kwa kidole. Alivua miwani. Akasema ile namba haikujui. Ni wastani wa watu wengi, wengine wanaondoka mapema, wengine wanaikataa. "Na wakiikataa?" nikauliza. Akasema kila mwaka mstaafu anapoishi kupita makadirio, kampuni inaandika hasara, na yeye mwenyewe ndiye ataiandika, kwa penseli kwanza.

Nimefikiri sana. Mimi nataka kuwa mhasibu, na mhasibu hatakiwi kutamani hasara ya kampuni yake. Lakini nataka uwaharibie hesabu, Babu. Nataka mwaka 2032 upite na upo, na 2033, na 2040, na mimi ndiye nikae kwenye kile kiti nikiandika hasara ya Baltazari Ngolo kila tarehe 31 Machi, uso wangu umetulia kama wa Mama Stellah, na ndani ninacheka.

Hili nimekuandikia wewe tu. Mama Stellah asijue, meneja asijue, na Bibi usimsomee, maana atalisema kanisani. Ukimaliza kusoma ikunje barua hii, uiweke mahali ambapo ni wewe tu unapajua.

Mjukuu wako,
Nyangi